Kikombe chenye jina la marehemu

Katika nchi zetu za ziwa la Tanganyika hakuna mchezo unaopendwa kuliko mpira wa miguu. Kila kijiji kina uwanja wake, hata kama uwanja wenyewe ni kipande cha mchanga kati ya nyumba na maji, na magoli ni miti iliyokatwa msituni na kusimamishwa. Tena twajua desturi nyingine inayofuatana na mchezo huu. Mtu mwenye heshima akifa, labda mwalimu, au mchezaji hodari, au mzee aliyezoea kuwanunulia vijana mipira, jamaa na rafiki zake huweka mashindano ya kumkumbuka. Zawadi yaweza kuwa mbuzi, yaweza kuwa jezi, na penye uwezo huwa kikombe kilichochorwa jina la marehemu.

Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo. Wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Kikombe cha ukumbusho hubishana na methali hiyo. Chasema: Huyu hayupo, lakini lake lipo, nasi tutalicheza kila mwaka. Je, vikombe vimeweza kweli kutimiza neno hilo? Leo tutazame historia yake, katika Kongo, katika Afrika ya Mashariki na mbali zaidi, tupate kujua ni vikombe gani vilivyoyalinda majina na ni vipi vilivyoyapoteza. Kisha tutafika Fizi na Baraka, ambako kuwakumbuka wafu ni jambo zito kupita mchezo.

Mtoaji na mwenye kukumbukwa

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kikombe chenye jina la yule aliyekitoa, na kuna kikombe chenye jina la yule anayekumbukwa. Vyote viwili hung’aa sawasawa juani, lakini kazi yake si moja.

Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilianza kushindania kikombe kilichoitwa Gossage. Mwaka 1945 Tanganyika iliingia, na baadaye Zanzibar nayo. Kwa muda wa miaka 40 jina hilo lilitajwa katika magazeti, katika redio na vijiweni, na wachezaji walilala njaa kwa ajili yake. Lakini Gossage alikuwa nani? William Gossage alikuwa Mwingereza mtengenezaji wa sabuni. Alikufa mwaka 1877, karibu miaka 50 kabla ya mechi ya kwanza, wala hakuijua Nairobi wala Kampala. Kikombe kilitolewa na kampuni ya sabuni iliyobaki na jina lake. Basi hapa jina la mtu aliyekufa lilitajwa miaka 40, na hata hivyo hakuna aliyekumbukwa. Watu walikumbuka sabuni. Tangu mwaka 1967 mashindano hayo yalipewa jina lingine, na tangu 1973 yako chini ya chama cha CECAFA. Jina la Gossage likaondoka bila mtu kulilia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesimuliwa habari zake.

Hatuilaumu kampuni ile. Ilitoa kikombe ili bidhaa yake ijulikane, nayo ikajulikana. Ila tujifunze jambo moja: kutaja jina tu si kumkumbuka mtu. Jina lisilo na habari yake ni kama bahasha isiyo na barua.

Viwanja vya Kongo na majina yake

Katika Kongo mpira uliingia pamoja na reli, viwanda na misioni. Padre Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji wa shirika la Scheut, alifika Léopoldville mwaka 1917. Alikuwa mwalimu na mjenzi wa shule, akaona kwamba vijana wa mji ule mkubwa wakitoka darasani hawana la kufanya. Mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo kwa ajili yao. Wakati ule Wazungu na Waafrika hawakuchezea ligi moja. Kila upande ulikuwa na yake. Katika ligi ya Waafrika ndimo zilimozaliwa timu ambazo hata leo huugawa mji wa Kinshasa pande mbili, yaani Vita Club na Daring, ambayo sasa huitwa Motema Pembe.

Katika miaka ya 1930 ulijengwa uwanja ulioitwa Reine Astrid, kwa kumkumbuka malkia wa Ubelgiji aliyekufa katika ajali ya motokaa mwaka 1935. Mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja mkubwa zaidi, ukapewa jina la Mfalme Baudouin. Padre Raphaël, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alifariki mwaka 1956.

Sasa tazameni jinsi majina yalivyohama. Utawala wa Mobutu ulipokuja, uwanja wa malkia uliitwa 24 Novemba, siku ambayo Mobutu alitwaa serikali mwaka 1965. Baadaye ukapewa jina la Kardinali Malula, aliyefariki mwaka 1989. Uwanja wa mfalme uliitwa 20 Mei, kwa ajili ya chama kilichotangazwa mwezi huo mwaka 1967. Ni katika uwanja huo Muhammad Ali alipompiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, uwanja ukaitwa Tata Raphaël. Na uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola, mwaka ule ule wa 1997 ukaitwa Uwanja wa Mashahidi, kwa kuwakumbuka wanasiasa wanne, Évariste Kimba na wenzake, walionyongwa hadharani katika mji ule mwezi wa Juni 1966.

Katika habari hiyo twaona jambo la ajabu. Malkia, mfalme na tarehe za chama zilifutwa, kila moja pamoja na serikali yake. Lakini padre ambaye hakuwa na jeshi wala chama, jina lake lilirudi baada ya miaka 41 tangu kufa kwake, tena pasipo shirika lake kuwa na nguvu ya kulidai. Lilirudi kwa sababu lilikuwa limebaki vinywani mwa watu. Wazee waliofundishwa naye walikuwa wamewasimulia watoto wao.

Huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mapadre Wabenedikto walianzisha timu ya vijana mwaka 1939, wakaiita Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Baadaye jina lilibadilika mara kadhaa. Kwa miaka mingi timu iliitwa Englebert, nalo ni jina la matairi ya motokaa. Leo twaijua kwa jina la TP Mazembe. Hivyo hata mtakatifu alimpisha mfanyabiashara wa matairi, kama vile wengine walivyokipisha chama cha siasa.

Vikombe viwili vilivyotuponyoka

Timu hiyo ya Lubumbashi yatuleta kwenye kikombe kilichokuwa na jina la mtu mkubwa. Mashindano ya klabu bingwa za Afrika yalipoanza mwaka 1964, kikombe chake kilipewa jina la Kwame Nkrumah, rais wa Ghana. Kanuni ilikuwa kwamba klabu itakayoshinda mara tatu itakichukua kabisa, kiwe mali yake.

Mwezi wa Februari 1966 Nkrumah alipinduliwa akiwa safarini, akakimbilia Guinea. Kwao Ghana jina lake likawa la kunong’onwa. Lakini kikombe kikaendelea kuzunguka. Mwaka 1967 Englebert walikutana na Asante Kotoko wa Ghana, wakatoka sare nyumbani na ugenini. Ikaamriwa wacheze mara ya tatu huko Kameruni, na Wakotoko hawakutokea. Kikombe kikaja Kongo. Mwaka 1968 Englebert wakakitwaa tena kwa kuwashinda Étoile Filante wa Togo. Ulibaki ushindi mmoja tu. Mwaka 1969 wakafika fainali, wakafungwa na Ismaily wa Misri. Mwaka 1970 wakafika tena, mara ya nne mfululizo, wakafungwa na Kotoko wale wale, tena mjini Kinshasa. Kikombe kikatuponyoka.

Aliyekichukua kabisa ni Hafia ya Conakry, iliyoshinda mara ya tatu mwaka 1977, na walioshindwa katika fainali hiyo walikuwa Hearts of Oak wa Ghana. Nkrumah alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1972. Basi kikombe chenye jina la rais aliyefukuzwa kwao kilibaki katika nchi iliyompokea. Wengine watasema ni nasibu tu, nasi twakubali. Lakini ni nasibu yenye kufikirisha.

Habari ya kikombe cha mataifa haitofautiani sana. Kikombe cha kwanza cha Mataifa ya Afrika kilikuwa na jina la Mmisri Abdelaziz Abdallah Salem, rais wa kwanza wa chama cha mpira cha Afrika. Kongo ilikitwaa Addis Ababa mwaka 1968, kwa bao la Kalala dhidi ya Ghana. Ikakitwaa mara ya pili Cairo mwaka 1974, ikiitwa Zaire, baada ya kurudiana na Zambia. Hapo pia ulibaki ushindi mmoja. Lakini Ghana, waliokwisha kushinda mwaka 1963 na 1965, wakaifunga Uganda katika fainali ya mwaka 1978 mjini Accra, wakakiweka kabatini kwao.

Na baada ya hapo? Vikatengenezwa vikombe vingine vyenye majina mengine. Leo ni vijana wangapi wajuao kwamba kulikuwa na kikombe cha Salem? Hii ndiyo kasoro ya kanuni ya mara tatu. Yampendeza mshindi, lakini yamzika marehemu mara ya pili, kwa maana kikombe kikiingia kabatini, jina nalo huingia kabatini. Hata kikombe cha dunia cha zamani, chenye jina la Mfaransa Jules Rimet, kilipata hayo. Brazili ilikichukua kabisa mwaka 1970, na mwaka 1983 wezi wakakiiba mjini Rio de Janeiro, kisionekane tena.

Kikombe kinachorudi

Watu wa Ayalandi walifuata njia nyingine. Wao wana mpira wao wa asili, unaochezwa kwa mikono na miguu, chini ya chama kilichoanzishwa mwaka 1884 mjini Thurles. Kila mwaka majimbo yao hushindania kikombe kiitwacho Sam Maguire. Huyu alizaliwa mwaka 1877 katika jimbo la Cork, akaenda London kufanya kazi ya posta. Huko alikuwa nahodha wa wachezaji wenzake wahamiaji, na kwa siri alifanya kazi kubwa kwa ajili ya uhuru wa nchi yake. Yeye alikuwa Mprotestanti, na wengi wa wenzake Wakatoliki. Uhuru ulipopatikana alirudi, lakini aligombana na wakubwa wapya, akafukuzwa kazi. Alifariki mwaka 1927, fukara na mgonjwa wa kifua kikuu.

Rafiki zake walichanga fedha, wakatengeneza kikombe cha fedha kwa mfano wa kalisi ya kale ya Ardagh. Kilishindaniwa mara ya kwanza mwaka 1928, kikachukuliwa na jimbo la Kildare. Wapo walioshinda mara nyingi sana, lakini hakuna aliyekichukua kabisa. Kila mwaka hurudi. Kilipochakaa, mwaka 1988 walitengeneza kingine kinachofanana nacho, na kile cha kwanza wakakiweka katika jumba la makumbusho. Basi metali ilibadilishwa, jina halikubadilishwa. Mtu aliyekufa bila mali, ambaye serikali ya nchi yake ilimtupa, hutajwa sasa na kila mtoto wa nchi ile.

Twaona hapa kwamba kikombe cha ukumbusho hakipaswi kuwa mali ya mtu. Kinafanana na mwenge: atakayekipokea leo amekipokea ili akitoe kesho.

Aliyeombolezwa akiwa hai

Kabla ya kufika Fizi, tutaje habari moja ya kututahadharisha. Katika mashindano yale ya mwaka 1974 Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, na mabao yote manne ya Zaire katika fainali na marudio yake yalikuwa yake. Miaka ikapita. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa kule Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Ndaye amekufa, na watu wote uwanjani wakasimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea.

Lakini Ndaye hakuwa amekufa. Aliishi Afrika ya Kusini, mkimbizi maskini, akilinda motokaa za watu ili apate chakula. Aliishi miaka 21 zaidi, akafariki mwaka 2019. Dakika ile ya kimya ilitolewa kwa moyo mwema. Hata hivyo yatuuliza swali gumu: mbona ni rahisi kumsimamia mtu kimya akiisha kufa, kuliko kumwuliza amekula nini akiwa hai? Klabu inayotaka kuweka kikombe cha marehemu na iangalie kwanza wazee wake walio hai, wale waliovunjika goti katika kuichezea.

Fizi na Baraka

Sasa tufike kwetu. Baraka iko pwani ya ziwa, karibu na rasi ya Ubwari. Fizi iko juu milimani. Mwaka 1964 misioni zote mbili zilikuwa katika jimbo jipya la Uvira, lililowekwa mwaka 1962 na kukabidhiwa wamisionari Waksaveri kutoka Italia. Mwaka ule uasi ulienea katika nchi yote ya mashariki, na pande hizi zikawa chini ya waasi.

Tarehe 28 Novemba 1964, siku nne baada ya askari wa Ubelgiji kushuka Stanleyville kwa miamvuli, watu wenye silaha walifika misioni ya Baraka kwa gari. Bruda Vittorio Faccin, mwenye umri wa miaka 30, aliamriwa kupanda garini. Alikataa, akapigwa risasi. Padre Luigi Carrara, wa miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akakataa kwenda nao, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa hapo. Jioni watu wale wale walipanda hadi Fizi. Huko walimwua Padre Giovanni Didonè, wa miaka 34, aliyewafungulia mlango, na Abbé Albert Joubert, wa miaka 56.

Huyu Abbé Joubert alikuwa mwana wa ziwa hili. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuja kuzilinda misioni dhidi ya wawindaji wa watumwa, na mama yake alikuwa Agnes Atakae, Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira, na Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza ibada hiyo. Miaka karibu 60 ilikuwa imepita.

Wakati ule ule ambapo Lubumbashi ilikuwa ikishangilia kikombe cha mwaka 1967, milima ya Fizi ilikuwa bado vitani, na mwezi wa Desemba mwaka huo Laurent-Désiré Kabila aliunda huko chama chake cha PRP. Kisha vikaja vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Siku za mwisho za mwaka 1998 na za kwanza za 1999 mamia ya watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Maelfu kwa maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 ikawa mji wa watu wa Fizi. Kuanzia mwaka 2005 wengi walianza kurudi kwa meli hadi Baraka, wengine hawakurudi.

Kwa nini twayasimulia haya katika habari ya vikombe? Ni kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hii. Mtu anayekimbia vita hubeba mtoto, sufuria na godoro. Habebi kikombe cha mpira. Kaburi nalo halibebeki. Katika nchi ambayo watu wake wamekimbia mara mbili na tatu, ukumbusho uliowekwa katika metali peke yake umewekwa mahali pabovu. Lakini mashindano yenyewe hubebeka. Vijana waliokimbia waweza kuyacheza kambini, ng’ambo ya ziwa, kwa mpira wa matambara na zawadi ya kuku mmoja, na jina la marehemu likatajwa vile vile. Kinacholinda jina ni siku, ni habari, na ni watu wanaokutana kila mwaka kuisikia.

Ya pili ni nzito zaidi. Fizi si nchi ya kabila moja. Wamo Wabembe, Wabuyu, Wabwari, Wanyindu, Wanyamulenge na wengine, nao wamemwaga damu kati yao. Kila upande una wafu wake, na kila upande unajua vizuri ni nani aliyewaua. Basi kikombe cha marehemu chaweza kufanya kazi mbili zilizo kinyume. Chaweza kuwakusanya vijana wa upande mmoja tu, kiwaambie kila mwaka: Huyu aliuawa na wale, msisahau. Hapo kimekuwa mkuki unaonolewa kila mwaka. Au chaweza kuwaita vijana wa pande mbili uwanja mmoja, kwa kanuni moja na refa mmoja, wacheze kwa dakika 90 bila mtu kufa, kisha waisikie habari ya marehemu pamoja.

Wapo watakaosema: Twawezaje kuwaalika watoto wa waliotuua? Neno hili tusilicheke, maana mwenye kulisema amezika watu wake. Wala hatusemi kwamba mpira utaleta haki. Haki ina mahali pake, na mchezo haufuti kosa la mtu. Twasema tu kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 1999 hakuua mtu Makobola, naye ana miguu kama mtoto wako. Wale wanne wa mwaka 1964 wanaombwa leo na wajukuu wa walioshika bunduki na wajukuu wa waliojificha, katika makanisa yale yale. Kama ibada yawezekana, mechi haiwezi kushindikana.

Yatupasayo kufanya

Basi klabu, shule au jamaa wanaotaka kuweka kikombe cha ukumbusho, na watazame mambo haya ambayo historia imetufundisha.

Kwanza, habari ya marehemu iandikwe, nusu ukurasa tu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alipendwa kwa nini, alikufaje. Isomwe kwa sauti kabla ya fainali, wachezaji wakiwa wamesimama. Pasipo hiyo, jina litakuwa kama Gossage.

Pili, kikombe kizunguke. Mshindi akae nacho mwaka mmoja, akirudishe kabla ya mashindano mengine. Akishinda mara tatu, au mara kumi, apewe kikombe kidogo cha kumbukumbu, lakini kile chenye jina kirudi.

Tatu, liwepo daftari la washindi na la habari za kila mwaka, nakala mbili. Moja ikae parokiani au shuleni, nyingine kwa mtu aishiye mbali, hata ng’ambo ya ziwa. Moto ukiila moja, ya pili itasema.

Nne, fedha zijulikane. Tumeona mahali ambapo mjane alilipishwa chakula cha timu zote, akabaki na deni kwa sababu ya kumheshimu mumewe. Huko si kukumbuka, ni kumnyang’anya. Asiye na uwezo wa kikombe na aweke mbuzi. Asiye na mbuzi na aweke mpira mmoja. Marehemu haongezeki heshima kwa uzito wa metali.

Tano, refa atoke mahali pengine, na timu moja angalau ialikwe kutoka upande tusiopatana nao. Penye ugomvi mechi ikomeshwe, na kikombe kisitolewe mwaka huo. Ni afadhali jina lisitajwe kuliko litajwe juu ya damu.

Sita, wazee wa klabu walio hai waketi mbele, wapewe maji na chakula, na hali yao iulizwe. Mbaya zaidi ya kusahau wafu ni kuwasahau walio hai huku tukiimba majina ya wafu.

Mambo haya si magumu, wala hayahitaji msaada kutoka Ulaya. Yahitaji watu wachache wasiochoka. Maana mwaka wa kwanza kila mtu huja, na mwaka wa pili wengi huja. Kazi ni mwaka wa kumi na tano, wakati waliomjua marehemu wamezeeka au wamehama, na wachezaji ni vijana waliozaliwa baada ya kufa kwake. Siku hiyo kijana mmoja atakishika kikombe, atasoma herufi zilizochorwa, na atauliza: Huyu alikuwa nani? Hakikisheni awepo hapo mtu wa kumjibu.